Salamu za Desemba: methali za maisha na uhuru, na mahali pa kuziweka

Shikamooni wazee wetu. Hamjambo ndugu na marafiki wa Bara na Visiwani, wa Kenya, wa Uganda, na popote pale mnaposoma Kiswahili. Tunawasalimu katika mwezi wenye siku kubwa za Afrika Mashariki yetu: 9 Desemba, Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961, 10 Desemba, Zanzibar ilipopata uhuru kutoka kwa Waingereza mwaka 1963, na 12 Desemba mwaka huohuo, Kenya nayo. Jamhuri zilikuja kwa tarehe hizohizo, Tanganyika 9 Desemba 1962 na Kenya 12 Desemba 1964. Waganda walishasherehekea yao 9 Oktoba. Kwa jamaa wa Unguja na Pemba, kumbukeni kuwaandikia tena 12 Januari, maana kwao sikukuu iliyo kubwa ni ya Mapinduzi ya 1964. Heri ya Uhuru, heri ya Jamhuri, na wanaoelekea Krismasi na mwaka mpya tunawatakia heri hizo pia.

Msimu huu una maneno mengi. Risala zitasomwa viwanjani, ujumbe utamiminika kwenye simu tangu alfajiri, wazee watasimama kwenye mikutano ya ukoo, na ni nadra salamu yoyote kukosa methali. Sisi tunaopenda methali twafurahi. Ila methali ina msemaji wake, ina msemwa wake na ina wakati wake, na ukikosea kimojawapo, salamu ya heri humfikia mwenzako kama kijembe. Ndiyo sababu salamu zetu za mwaka huu tumezijaza methali za maisha na uhuru, pamoja na yale tunayoyajua kuhusu matumizi yake.

Tuanze na subira, kwa kuwa hapo ndipo watu huumizana zaidi. Tuna "Subira huvuta heri", tuna "Mvumilivu hula mbivu", tuna "Baada ya dhiki faraja". Upande wa pili tuna "Ngoja ngoja huumiza matumbo" na "Chelewa chelewa utakuta mwana si wako". Wengine husema methali zetu zinapingana. Hazipingani, zinasemwa na watu tofauti. Za subira ni za mtu anayengoja pamoja na mwenzake, au anayejituliza mwenyewe. Za ngoja ngoja ni za yule ambaye kungoja kunamgharimu. Kwa hiyo kabla ya kuandika "Mvumilivu hula mbivu", jiulize: ni nani anayeweza kukomesha kungoja huku? Ukiwa ni wewe, methali hiyo si yako kuisema. Mwajiri aliyechelewesha mishahara ya Novemba hawezi kuwaandikia wafanyakazi wake kuhusu subira. Methali zake ni "Ahadi ni deni" na "Dawa ya deni kulipa", na aambatishe tarehe ya malipo. Kiongozi wa kijiji ambaye maji yake hayajafika bombani naye ni hivyo hivyo.

Ipo pia jamii ya methali zilizozaliwa chini ya mkono wa mwenye nguvu: "Mwenye nguvu mpishe", "Mkono usioweza kuukata, ubusu", "Hewala haigombi". Tunaziheshimu, kwa maana zimewaokoa watu. Ni ushauri kwa mtu aliye peke yake mbele ya hatari asiyoweza kuishinda leo, ili aifikie kesho. Hazikutungwa kusifu dhuluma, na kosa kubwa ni kumpa kijana anayeanza maisha mojawapo ya hizo kama kanuni ya kudumu. Angalieni ile ya mkono: imeshika sharti ndani yake, "usioweza". Siku ukiweza, methali haikufungi tena. Mtu akiinukuu mbele ya mkutano wa hadhara, ambako watu mia wamekaa pamoja, ameipeleka pasipo pake, kwa sababu watu mia si mtu mmoja.

Kuhusu wakubwa na mwisho wa ukubwa tuna tatu ambazo hutumiwa kana kwamba ni moja: "Hakuna marefu yasiyo na ncha", "Mpanda ngazi hushuka" na "Aliye juu mngoje chini". Ya kwanza ndiyo pole kuliko zote. Haimtaji mtu, inafaa kwa shida na kwa raha, kwa utawala na kwa ugonjwa, na unaweza kuiandika kwenye kadi bila wasiwasi. Ya pili inafaa ukijisemea mwenyewe siku ulipopandishwa cheo. Ukimwambia mwenzako siku hiyohiyo umemwapiza. Ya tatu ni ya aliyeonewa, na humtoka mtu akiwa na uchungu. Usiitume kwenye kundi la ukoo ukitarajia kicheko.

Sasa ile inayosikika sana siku za uhuru: "Mwacha asili ni mtumwa." Ni methali nzito na nzuri, lakini hebu tukumbuke iliposemwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe haukukoma siku ile: hadhi yake ya kisheria iliondolewa Zanzibar mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922. Kwa waliosema methali hiyo zamani, mtumwa alikuwa mtu wanayemwona, mwenye jina, aliyetolewa kwao bara akapewa jina jingine pwani. Hakuiacha asili yake, alinyang'anywa. Ndiyo maana twasihi isitupwe ovyo kwenye mabishano ya koo, hasa pwani, ambako zipo familia ambazo neno hilo bado linawachoma. Wala si methali ya kuwakemea vijana kwa mitindo ya nywele na nguo. Mahali pake ni pale mtu anapoacha kwa hiari kilichomlea: anapoona haya kuzungumza lugha ya nyumbani mbele ya mama yake, anapouza shamba la ukoo bila kuwauliza wenziwe, anaporudi likizo na kuwapita wazee bila salamu. Hapo isemwe, tena kwa sauti ya chini na faraghani, na msemaji awe mkubwa wake au rika lake.

Mwenzake mtumwa katika methali za kale ni muungwana, yaani mtu huru mwenye heshima zake. "Muungwana akivuliwa nguo huchutama." Tunaipenda hii kupita zote za uhuru, na tunasikitika kwamba wengi huitumia kumcheka aliyeaibika. Picha yake ifuateni hatua kwa hatua: nguo imeondoka, haijulikani itarudi lini, kukimbia nyuma ya mwizi ni kuonekana na mtaa mzima, kupiga kelele ni kuita macho. Anayechutama amejistiri kwa mwili wake mwenyewe mpaka apate nguo nyingine. Hayo ndiyo mafunzo kwa aliyeshindwa uchaguzi, aliyefukuzwa kazi, aliyesingiziwa: punguza maneno, linda kilichobaki, jipange. Mtu wa aina hiyo ukimwandikia salamu mwaka huu, methali hii itamfariji ikiwa umeshamwambia kwanza kwamba hujaacha kumheshimu. Ukianza nayo bila neno hilo atadhani unamtaja uchi.

Uhuru na kazi vimekaa pamoja tangu mwanzo, na hata wito wa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, ulikuwa "Uhuru na Kazi". Mwalimu Julius Nyerere alipoeleza Ujamaa katika maandishi yake ya mwaka 1962 alichukua methali moja ya kawaida kabisa: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Alitaka kuonyesha kwamba katika jamii yetu ukarimu ulikuwepo, na kila anayekula alikuwa na wajibu wa kwenda shambani na wenzake. Methali ina vipande viwili na vyote vinahitajika. Ukitaja kipande cha kwanza tu umepunguza ukarimu ukawa hesabu ya siku; ukitaja cha pili tu umemfukuza mgeni. Na msimu huu wa watu kurudi nyumbani, onyo letu ni hili: mwenyeji asimwambie mgeni, hata kwa utani, hasa mkwe au mtoto aliyekuja kwa nadra. Mwenye haki kubwa ya kuisema ni mgeni mwenyewe. Amka siku ya tatu, mwambie mama, "Leo nipeni jembe." Nyumba nzima itakufurahia, hata kama utaishia kuchota maji.

Fedha za sikukuu zina methali yake pia, "Kukopa harusi, kulipa matanga." Hii husemwa kabla ya mkopo. Ikisemwa baada ya mkopo haimsaidii mtu. Aliyekwisha kukopa anahitaji kukaa nawe mpange malipo, hasa kwa vile Januari ada za shule zinamngoja. Na aliyezoea kuomba kila mwaka, "Mtegemea cha nduguye hufa maskini" aambiwe mwezi mwingine. Desemba ana watoto wanaomtazama.

Umoja tusiuseme sana. Ngao ya Tanzania imeandikwa "Uhuru na Umoja", ya Kenya "Harambee", na "Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu" imerudiwa hadi watu hawaisikii tena. Kwa maoni yetu "Kidole kimoja hakivunji chawa" bado ina nguvu, kwa kuwa msikilizaji huona vidole viwili vikikutana. Na kama ujumbe wako ni wa kuomba mchango, chagua "Haba na haba hujaza kibaba", kisha taja kiasi. Kibaba kilikuwa kipimo halisi: viwili ni kisaga, vinne ni pishi. Methali ya kipimo isiyofuatwa na kiasi huwaacha watu wakiitikia "ndiyo" na kuondoka. Sema mnataka jumla gani, kila mmoja aanzie wapi, na lini mwisho.

Sasa utunzi wa salamu yenyewe. Ujumbe wa simu unahitaji methali moja tu. Risala ya dakika kumi haistahili zaidi ya tatu. Anza na salamu kwa cheo na udugu wa unayemwandikia, taja sikukuu, taja jambo moja la kweli kuhusu yeye kwa mwaka huu, kisha methali, kisha dua. Methali ikitangulia jambo, msomaji hubaki akijiuliza inamhusu nini. Iandike nzima, vipande vyote viwili. Ukiwa mbele ya watu unaweza kutoa kipande cha kwanza ukanyamaza, wao wamalizie, lakini chagua ile wanayoijua wote hadi watoto wa nyuma, la sivyo kimya kitakuaibisha. "Wahenga walisema" isemwe mara moja katika risala nzima. Kwa mzee usifafanue methali baada ya kuitaja, maana ni kumkosea adabu. Kwa mtoto fafanua kwa mfano mmoja.

Kwa babu au bibi, mnaweza kuandika hivi: "Shikamoo Babu. Tunakusalimu kwa Sikukuu ya Uhuru. Shamba ulilolifyeka ndilo linalotulisha hadi leo. Mchumia juani hulia kivulini; Mungu akuweke kivulini miaka mingi." Kwa mdogo wako aliyepata kazi: "Heri ya Uhuru, mdogo wangu, na hongera ya kazi. Haba na haba hujaza kibaba. Tenga kidogo tangu mshahara wa kwanza. Tunakuombea." Kwa aliyefiwa siku za karibuni msitume methali yoyote, hata "Baada ya dhiki faraja". Mwandikieni "Poleni sana na msiba", ulizeni siku ya kufika, na mfike.

Wanaonunua kanga za zawadi, neno moja: fungueni doti mkasome jina lililo juu ya pindo la chini kabla ya kulipa. Rangi ikimpendeza wifi na jina likawa la mafumbo, itachukua muda mrefu kueleza kwamba hukusoma.

Tunawatakia safari njema mnaokwenda makwenu. Madereva wapumzike, na abiria wapige kelele mwendo ukizidi. Wakulima wa mvua za vuli tunawaombea mavuno. Wanafunzi wanaongoja matokeo, wagonjwa na wanaowauguza, walio zamu hospitalini, bandarini na mipakani wakati wengine tumepumzika, tunawataja kwa heshima. Wazee mliokuwepo usiku ule bendera ilipopandishwa, tunaomba mkae na wajukuu mwezi huu muwasimulie mlichokiona. Nanyi wajukuu, andikeni.

Heri ya Uhuru kwenu nyote, na heri ya mwaka mpya.