Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: naomba dakika kumi kabla ya kila filamu ya vita

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya skuli zetu,

Assalaam alaykum.

Kwa heshima na taadhima nakuandikia mbele ya watu, kwa sababu barua nilizopitisha masjala ya ofisi yako hazijapata jibu. Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari hapa Pemba. Ningeendelea kusubiri, lakini lililotokea juzi kwenye chemsha bongo ya maskuli limenimaliza subira.

Watoto waliulizwa ni nchi gani iliyoiteka Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuandikia ujumbe wa siri kwa mafumbo, kutoka kwenye nyambizi katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwanafunzi wangu akajibu Uingereza. Majaji wakatazama karatasi yao, wakasema amekosa, jibu ni Marekani. Nilipokwenda kuuliza jibu hilo limetoka wapi, nikaambiwa limo kwenye filamu waliyoonyeshwa ukumbini kwa mpango wa ofisi yako.

Filamu hiyo ni U-571 ya mwaka 2000. Ukweli ni kwamba tarehe 9 Mei 1941 mabaharia wa manowari ya Kiingereza, HMS Bulldog, ndio walioingia ndani ya nyambizi U-110 wakatoka na mashine pamoja na vitabu vyake vya siri. Marekani wakati huo haikuwa vitani. Iliingia Disemba ya mwaka ule. Na kabla ya wote hao, wanahisabati wa Poland walikwisha kuanza kulifumbua fumbo la Enigma tangu 1932. Filamu ilipotoka, Waingereza walikasirika mpaka jambo likafika bungeni kwao, na Waziri Mkuu Tony Blair akakubali kuwa ni kuwavunjia heshima mabaharia waliokufa. Sisi tumeichukua ile ile, tukaifanya mwongozo wa kusahihishia, na mtoto aliyesoma kitabu akapoteza alama. Zirudishwe, Mheshimiwa. Alizistahiki.

Si filamu hiyo peke yake. Wameonyeshwa Battle of the Bulge ya 1965. Vita vyenyewe, baina ya Wajerumani na Wamarekani, vilipiganwa Ardennes, upande wa Ubelgiji, Disemba 1944 hadi Januari 1945, msituni, kwenye theluji, na ukungu uliozizuia ndege zisiruke. Mapigano ya mwisho ya filamu yamepigwa picha Hispania kwenye uwanda mkavu wa vumbi, na vifaru vinavyoitwa vya Wajerumani ni vya Kimarekani vilivyoundwa baada ya vita kwisha. Wameonyeshwa The Green Berets ya 1968, ya Vietnam, inayomalizikia ufukweni jua likizama baharini. Bahari ya Vietnam pale iko mashariki! Mtoto wa Wete anajua jua linachwea upande gani, lakini hakuna aliyemwambia atazame na ramani.

Iliyoniumiza zaidi ni The Patriot, nayo ya 2000. Humo askari wa Kiingereza wanawafungia wanakijiji kanisani wakawatia moto, eti ni vita vya uhuru vya Marekani. Hakuna kumbukumbu ya tukio kama hilo katika vita vile. Lililo na kumbukumbu ni la Oradour-sur-Glane, Ufaransa, tarehe 10 Juni 1944, ambapo askari wa Hitler waliwachoma wanawake na watoto ndani ya kanisa. Maiti za watu wa kweli zimeondolewa kwenye kaburi lao zikabebeshwa watu wengine, miaka karibu 170 nyuma. Nitamfundishaje mtoto kuheshimu ushahidi, naye ameshaliona kanisa likiungua kwa macho yake?

Na sisi wenyewe je? The African Queen ya 1951 ni filamu nzuri kutazama, lakini mnawaonyesha kama somo la Vita vya Kwanza vya Dunia Tanganyika. Mle meli ya Wajerumani ziwani inalipuliwa na mashua yenye mabomu. Meli kubwa ya Wajerumani katika Ziwa Tanganyika ilikuwa Graf von Götzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, baada ya kuzipaka mashine zake grisi ili ziwafae siku ya kurudi. Waingereza wakaiopoa, na tangu 1927 ikafanya safari kwa jina la Liemba. Watu wa Kigoma wameipanda vizazi kwa vizazi. Wanafunzi wangu wanaamini ililipuliwa.

Ukiwauliza juu ya tarehe 27 Agosti 1896, wengi wananyamaza. Asubuhi ile manowari za Kiingereza ziliipiga kasri ya Unguja kwa dakika 40 hivi, watu wa Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekuwa ametwaa usultani bila ridhaa ya Waingereza, wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa, na meli ya Sultani, Glasgow, ikazama bandarini. Wageni wanaisimulia kama kichekesho cha vita vifupi kuliko vyote. Ulipokutana na walimu Chake Chake uliahidi kuwa historia hii itatengenezewa filamu za Kiswahili na kusambazwa maskuli. Tulikupigia makofi. Mimi nilirudi skuli nikawaambia wanafunzi wangojee, na bado wananiuliza.

Sijui kwa nini zimechaguliwa filamu hizi. Nadhani zilikuja bure kwenye flashi ya mtu, na projekta ilikuwa imeshanunuliwa, ikabidi itumike. Vitabu ni ghali, hilo nalijua, maana kurasa wanazosoma wanafunzi wangu natoa kopi kwa pesa ya mfukoni, na darasa limejaa mpaka wengine wanaandika wamesimama. Mshahara wenyewe unaujua.

Siombi kopi wala madawati katika barua hii. Hata filamu ulizotuahidi nitaendelea kuzingojea. Siombi filamu hizi zipigwe marufuku. Watoto wanazipenda, nami nazitazama. Naomba dakika kumi. Kabla taa hazijazimwa, mwalimu wa historia asimame awaambie kipi kilitokea na kipi kimetungwa. Na karatasi ya majibu ya chemsha bongo ipite mikononi mwa walimu kwanza. Dakika kumi tu, Mheshimiwa.

Ijumaa ijayo, baada ya sala, imetangazwa Pearl Harbor ya 2001, filamu ya shambulio la Wajapani lililoiingiza Marekani vitani. Mle Rais Roosevelt anainuka kutoka kwenye kiti cha magurudumu na kusimama mbele ya wakubwa wa jeshi, ilhali maradhi yalimpoozesha miguu tangu 1921. Marubani wa ndege ndogo za kivita nao wanapewa ndege za mabomu wakaipige Tokyo, Aprili 1942, kazi iliyofanywa na marubani wengine kabisa. Maelezo nimeshayaandika, ukurasa mmoja. Naomba jibu lako kabla ya Alkhamisi, ili nipate ruhusa ya mwalimu mkuu ya kutoka darasani.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa historia, Pemba