Matundu ya chumba cha injini yazibwe kwa bati, sio puti na magazeti

Ndugu Mhariri, heshima kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi niongelee kitu kinachoendelea kwenye gereji zetu hapa Mwanza, kuanzia Mabatini, Buzuruga, Nyakato mpaka Igoma huko. Saivi vijana wenye Mark II, Altezza na Corolla za zamani wanataka ukifungua boneti pawe pamenyooka kabisa, waya zimefichwa, yale matundu ya kiwandani ambayo hayana kazi tena yamezibwa, rangi inang'aa sawa na ya nje. Mi ni fundi bodi na kazi hiyo naipenda, inahitaji mkono na subira na inaingiza hela. Tatizo langu ni jinsi hayo matundu yanavyozibwa.

Unakuta tundu linapitisha kidole gumba, fundi anachukua gazeti au sponji ya siti anasokomeza, anapiga puti juu yake, msasa, praima, rangi, mteja analipa anaondoka kafurahi. Siku hiyo hata fundi mwenzake hawezi kujua. Lakini puti ya kawaida ni gundi ya poliesta imechanganywa na unga wa talki, inanyonya maji, na haikutengenezwa kujishika yenyewe hewani, imetengenezwa kusawazisha mabonde madogo juu ya bati zima, milimita mbili tatu hivi inatosha. Sasa hapo nyuma ya puti kuna gazeti tu, mvua za masika zikianza tairi linarusha maji ya matope yanaipiga kwa nyuma, gazeti linalowa linakaa na unyevu, kutu inatambaa pembeni ya tundu chini ya rangi bila mtu kuona, huku injini inatetemeka na joto linapanda na kushuka kila siku. Kwanza inakuja nyufa nyembamba, alafu rangi inavimba, alafu kipande kizima kinadondoka na tundu limeshakuwa kubwa kuliko la mwanzo.

Wapo wanaosema huku kwetu ziwa ni maji baridi, hakuna chumvi kama Tanga au Dar, kwa hiyo kutu sio shida. Jamani, gari nyingi tunazotumia zimekuja zikiwa zimeshatumika Japani, na kule Hokkaido wakati wa theluji barabara zinamwagiwa chumvi, kutu nyingine inashuka nayo melini. Alafu angalia pikapu zinazobeba samaki na dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, barafu inayeyuka na maji yanachuruzika kwenye chesisi kila siku, nani atasema hizo haziozi.

Tundu dawa yake ni bati. Unasaga rangi na kutu mpaka chuma king'ae, na ukifika pembeni ukakuta chuma kimekuwa chembamba kama karatasi unakata mpaka upate kizima, usichomelee kwenye kilichooza. Kiraka kiwe unene unaokaribiana na bodi yenyewe, geji 20 hivi ambayo ni kama milimita 0.9. Nimeona watu wanatumia mabaki ya bati la kuezekea, geji 28 au 30, lile halifiki hata nusu milimita, ukiliwasha tu linatoboka, na ile zinki yake ikiungua moshi wake unampa fundi homa usiku mzima. Kama gereji ina mashine ya migi, ile ya kuchomelea inayosukuma waya yenyewe, tumia hiyo na waya mwembamba, zile weldingi rodi nene ni za mageti, kwenye bodi zinaongeza matundu. Na usivute mstari mmoja kuzunguka kiraka chote. Piga nukta huku, nenda piga upande wa pili, acha ipoe, rudi, mpaka nukta zikutane, la sivyo joto linavuta bati na ule unyoofu uliokuwa unautafuta umeupoteza. Ukimaliza saga kidogo kidogo, maana ukisaga mpaka unatokea upande wa pili kiraka kimebaki kimeshikwa na rangi tu.

Kabla ya hayo yote toa betri na kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, umeme wa weldingi unaweza kuiua. Na ule ukuta kati ya injini na dashibodi msiuchezee, nyuma yake kuna sponji, kapeti na mafundo ya waya, cheche moja ikiingia huko gari inawaka wakati wewe uko mbele umevaa kioo huoni kitu. Fungua ndani utoe kapeti, muweke mtu na mtungi wa kuzimia moto akae anaangalia.

Chini ya betri nako kuna mambo yake, pale chuma huwa kimeliwa na asidi. Ukisaga tu ukachomelea asidi iliyobaki itaendelea kula. Mwagia maji yenye magadi ya kuumulia, itatoa povu, endelea mpaka povu liishe, suuza, kausha, ndipo uanze kazi.

Puti nayo sijaikataa, inakuja mwisho, nyembamba, juu ya bati lililoshachomelewa. Ila hadna, ile dawa ya tyubu ya kukausha puti, tuipime, ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa puti. Mtu ana haraka anaminya nusu tyubu, inakauka mkononi, inabaki na vitundu vidogo vidogo na baadae doa linatokea juu ya rangi. Na tusichanganyie kwenye boksi la karatasi, linanyonya gundi, tumia kipande cha kioo au bati. Msasa anza na namba 80, panda 180, 320, usiruke, mikwaruzo ya 80 haifichwi na praima hata upige mara ngapi. Alafu upande wa nyuma wa kiraka, ule ambao mteja haoni, ndio wenye maisha ya kazi yako, upige praima na dawa ya kuziba maungio kabla hujafunga chochote.

Kuna kingine kinaniuma zaidi. Sio kila tundu ni la kuzibwa. Yale ya kutoa maji chini ya waipa yakizibwa maji ya mvua yanajaa pale yanaingia kwenye feni ya hita na kapeti, mwenye gari anashangaa ndani kunanuka. Kwenye ule ukuta wa dashibodi kinyume chake, waya zikihamishwa matundu yanaachwa wazi au yanazibwa na mkanda, na huko ndiko moshi wa ekzosi unakoingilia kwa abiria, na moto pia ukitokea. Pale juu shokapu za mbele zinapofungiwa panabeba uzito wa gari, palipooza pale hapahitaji fundi wa urembo, panahitaji chuma kamili na mtu anayejua anachofanya, bora umwambie mteja ukweli hata akikukasirikia. Na gari nyingi za Japani namba ya chesisi imegongwa kwenye ule ukuta wa dashibodi, kijana anataka unyooke anapitisha puti juu yake au anaisaga na grinda. Huyo mteja siku ya kuuza au siku ya ukaguzi atathibitisha vipi kwamba gari ni lake? Ile namba iacheni, pakeni rangi nyembamba isomeke.

Sisi mafundi wenyewe tunajiumiza pia, tunapiga msasa vumbi la puti bila kuziba pua, tunapuliza rangi ya hadna kwenye banda limefungwa, na zile rangi zina kemikali zinazoleta pumu. Na tina ya kuyeyushia rangi ikishatumika inamwagwa mtaroni, kwa gereji za Mabatini inaenda mto Mirongo na Mirongo inaingia ziwani.

Najua wenzangu watasema mteja hataki kulipa. Ni kweli, kuchomelea bati ni kazi ya siku kadhaa na gesi na umeme na waya, puti na gazeti ni asubuhi moja, na mteja akisikia bei mbili anachagua ya chini bila kuuliza tofauti yake. Ndio maana naandika gazetini nisiishie kuongea na mafundi peke yao. Mwenye gari, mwambie fundi kabla hajapiga puti akuite uone chuma kikiwa wazi, au akutumie picha ya mbele na ya nyuma, na kama gari unalinunua mkononi kwa mtu beba kisumaku kidogo ukipitishe kwenye kingo na pembe za chumba cha injini, pale kisiposhika uliza kuna nini chini.

Na VETA, chuo cha ufundi hapa Nyakato, tunashukuru kwa ule utaratibu wa kutambua ujuzi wa watu waliojifunzia mtaani. Naomba waongeze mafunzo mafupi ya migi na bati jembamba, jioni au Jumamosi, kwa sababu fundi mwenye familia hawezi kufunga banda miezi akasome, na wengi wetu tunaotumia puti mahali pa bati hatujawahi kuishika hiyo mashine hata kwa dakika moja.

Fundi bodi,
Igoma, Mwanza