Krismasi njema kutoka sauti ya nne, yaani besi, na samahani tena kwa ile Haleluya

Haya jamani, Krismasi njema kwenu nyote, wanakwaya wenzangu, nyinyi mliokuja kutusikiza mkakaa kwenye vile viti vya plastiki mpaka mwisho, na majirani wa pale tunapofanyia mazoezi ambao mwaka mzima kila Jumanne jioni mnasikia watu wazima na ndevu zao wakiimba do re mi kama watoto wa nasari na hata siku moja hamjatuitia chifu. Nilitaka nitume salamu fupi tu lakini mnanijua, nikianza sinyamazi, na hilo la kutonyamaza ndilo lililoniaibisha msimu huu, nitalifikia.

Tulianza Pasaka na kile kipande cha Mozart, Ave verum corpus. Baa 46 tu za muziki, dakika tatu hivi, ukikiona kwenye karatasi unasema hiki leo leo tunakimaliza. Kilitukalia wiki sita. Kupaza sauti hatujambo, hata bila maiki tunasikika mpaka barabarani, lakini kuimba chinichini, polepole, bila sauti kuteremka, hapo ndipo tulipoonana. Tunaanza vizuri, tukifika mwisho tushashuka mpaka mpiga piano anatuangalia kama tumemuibia. Na piano yenyewe nayo, hewa hii ya chumvi ishaila, kuna vitufe viwili ukivibonyeza havirudi juu, inabidi uviinue na kidole.

Mwezi wa nane ikaja Gloria ya Vivaldi. Watu waliogopa Kilatini bure. Kumbe Kilatini kwa Mswahili ni chakula, a ni a, e ni e, i ni i, tunasoma kama ilivyoandikwa, tulichoandika pembeni kwa penseli ni "ekshelsis" tu basi. Kilichonikaa mimi ni habari zake. Vivaldi aliiandika karibu 1715 kule Venice alipokuwa akifundisha muziki kwenye nyumba ya kulea wasichana waliotupwa na wazazi, halafu ikapotea, ikalala kwenye marundo ya karatasi karibu miaka 200, mpaka 1939 ndipo watu wakaisikia tena ikiimbwa. Sasa nyinyi mnaofungia viazi karai na karatasi za nota, na nawajua kwa majina, hebu tieni hofu kidogo.

Halafu Disemba, Messiah, ule utunzi mrefu wa Handel juu ya Masihi. Sehemu ya kwanza tukaongeza na Haleluya maana bila Haleluya watu wangetudai viingilio vyao. Watu huifanya ya Krismasi lakini Handel aliiandika kwa siku 24 mwaka 1741, na mara ya kwanza kuimbwa mbele ya watu, Dublin, ilikuwa tarehe 13 Aprili 1742, karibu na Pasaka. Pesa zikaenda hospitali na kwa wafungwa wa madeni. Na watu walikuwa wengi hivi kwamba kina mama waliombwa wasije na yale magauni yenye fremu ndani, na wanaume waache panga zao nyumbani, ili ukumbi utoshe. Nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu kwenye matatu, kwa sababu sisi wiki hiyo hiyo tulikuwa tunabishana kwenye grupu kama ni adabu kuwaomba kina mama wapunguze ukubwa wa vilemba kwa ajili ya walio nyuma. Hatukuomba, nani angethubutu.

Sasa lile jambo langu. Mwisho wa Haleluya, baada ya zile haleluya za mfululizo zinazokimbia kama mtu aliyeona feri inafunga mlango, Handel ameweka kimya. Kidogo tu, pumzi moja, kabla ya haleluya ya mwisho kabisa. Kwenye karatasi zetu za solfa, zile nota za herufi, hakuna hata alama ya kukushtua, ni vile vinukta viwili vya kugawa mapigo na katikati hakuna herufi, patupu. Mwalimu alitwambia miezi mitatu, pale ni patupu, msiguse. Jumamosi, ukumbi umejaa, joto hilo la Disemba, majoho yametuganda mgongoni, tunakimbia, tunakimbia, mwalimu akafunga mkono, watu wote kimya, na mimi nikatoa "HAA".

Nikaimeza katikati. Ikatoka kama mbuzi.

Hakuna aliyenisema, hilo ndilo baya zaidi. Alto mmoja alinipa maji. Mzee wetu wa besi, yule aliyestaafu bandarini, mwaka huu magoti yamekataa ngazi kwa hivo tulimuwekea kiti chini nyuma yangu, na yeye ndiye tunayevuka naye Likoni usiku. Kwenye feri hakusema kitu mpaka tukafika katikati ya maji ndo akanambia, mwanangu, kontena likiwa hewani, mtu wa winchi hashiki chochote mpaka yule wa chini ainue mkono, hata akiwa anajua kazi kuliko yeye. Wewe unaangalia karatasi. Nikamwambia karatasi nishaihifadhi kichwani babu. Akasema basi ndo mbaya zaidi, unajua kinachokuja. Halafu akaniuliza kama nyumbani kumebaki mbaazi.

Jumapili tukaimba tena. Tulipofika ukurasa wa mwisho nikasikia mkono begani kwa nyuma, mzito, wa mtu aliyevuta kamba miaka mingi, kasimama na magoti yake hayo. Zile haleluya zikakimbia, mwalimu akafunga, kimya. Nikasikia feni ya juu ikilia kwe kwe kwe. Nikasikia tuktuk nje. Na kwenye kile kimya mtoto mmoja, mstari wa mbele, wazi kabisa, "Mama, ishaisha?"

Ukumbi mzima ulicheka, lakini ule wa chini chini wa tumboni, mwalimu mwenyewe mabega yanamtikisika na mkono bado uko juu hajaushusha, na ule mkono wa begani ukanikandamiza, bado. Bado. Kisha mwalimu akashusha na sisi wote tukaingia pamoja, besi kutoka fa kwenda do, na mimi nimo ndani yake sijatangulia wala sijachelewa. Nimeimba kwaya tangu nikiwa darasa la sita na sijui kama nishawahi kuisikia ile haleluya ya mwisho kabla ya siku hiyo.

Basi. Mama wa nyumba ya pili, wewe wa mahamri ya mapumziko, sikukuu yetu ndiyo hii, sahani yako inarudi na pilau, isirudi tena na kitu ndani, utatumaliza. Mliokwenda bara kwa treni ya SGR rudini salama na mrudi na sauti, msiziache kwenye mikesha. Kapu la Jumapili limemlipa fundi wa piano, anakuja Januari kuangalia vile vitufe. Mazoezi ni Jumanne ya pili ya Januari, saa kumi na mbili kamili jioni, na kamili maana yake kamili, watu wa Likoni tuna feri ya kuwahi.

Na mama yake yule wa "ishaisha", kama umefikiwa na salamu hizi, mwambie bado haijaisha, na umlete. Sauti ya kwanza, ile ya juu, tuna upungufu.