Usiifomati kompyuta ya nyumbani

Dodoma, 9 Machi

Shoga yangu Zuhura,

Salaam nyingi. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kabla hata sijakuuliza hali ya mama, nakuomba sana: usiifomati kompyuta hiyo. Najua chuo kinataka mjifunze Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ulivyo Windows, na fundi kakwambia lazima Windows ifutwe. Lakini mama anatolea risiti za wateja wake hapo, na wadogo zako wanafanyia kazi za shule hapo hapo. Mimi mwaka 2019 niliigawa diski yangu ili niweke Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kando ya Windows, nikafuta sehemu isiyo yenyewe. Sauti ya bibi niliyoirekodi akisimulia maisha yake ya Pangani ikaenda na maji. Bibi mwenyewe hayupo tena wa kunisimulia upya.

Weka VirtualBox. Ni programu ya bure kutoka Oracle, na inaunda kompyuta pepe ndani ya kompyuta yako. Diski yote ya hiyo kompyuta pepe ni faili tu ndani ya Windows. Kwa hiyo ukifika mahali Ubuntu inauliza kama ifute diski nzima, kubali. Kitakachofutwa ni kilichomo ndani ya faili hilo, na risiti za mama hazitaguswa. Nilipolielewa hilo ndipo hofu iliponitoka.

Windows hapo ni mwenyeji, Ubuntu ni mgeni, na mgeni huyu anakula chungu kimoja na mwenyeji. Kompyuta yenu ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 8, basi mpe mgeni GB 4, usizidishe, la sivyo vyote viwili vitakwama. Diski mwekee GB 25 za aina inayokua. Faili litaanza dogo na kupanuka kadiri unavyojaza vitu, ila ukivifuta halipungui lenyewe.

Kwanza kabisa ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta kabla Windows haijawaka, maana kompyuta nyingi huja uwezo wa kuendesha kompyuta pepe ukiwa umezimwa. Washa kompyuta huku ukibonyeza F2, F10 au Delete, inategemea aliyeitengeneza. Kwenye prosesa ya Intel tafuta VT-x au neno Virtualization. Kwenye AMD huandikwa SVM. Washa, hifadhi, toka. Usipofanya hivyo, Ubuntu ya biti 64 haitawaka, nawe utadhani umekosea kuisakinisha.

Sasa jambo lililonikesha usiku mzima. VirtualBox toleo la 7 ukishaionyesha faili la kusakinishia Ubuntu hutaka kusakinisha yenyewe bila kukuuliza chochote. Usiiruhusu, tafuta kisanduku kinachohusu usakinishaji huo na uchague kuuruka. Mimi niliiachia, ikanifungulia akaunti inayoitwa vboxuser yenye nywila changeme, tena isiyo na ruhusa ya sudo, yaani ya kutoa amri za msimamizi wa mfumo. Mwanafunzi wa Linux asiye na sudo atajifunza nini, Zuhura? Sakinisha kwa mkono wako, uchague jina na nywila mwenyewe.

Ikishawaka, skrini itakuwa ndogo. Nenda kwenye menyu ya Devices, ingiza CD ya Guest Additions, yaani nyongeza za VirtualBox kwa mgeni, uiendeshe. Skrini itajaa vizuri. Kama kipanya kimenasa ndani, bonyeza Ctrl ya kulia. Na ukiona kialama cha kobe wa kijani pale chini kulia, jua Hyper-V, programu ya Windows yenyewe ya kompyuta pepe, imeushika uwezo wa prosesa, na Ubuntu yako itatambaa kweli kama kobe. Hapo nipigie, tutaizima pamoja, kwa sababu kuna mipangilio ya usalama ya Windows inayohusika na sitaki uiguse peke yako.

Kabla ya kila zoezi la darasani, piga snapshot, yaani hifadhi picha ya mfumo ulivyo wakati huo. Ukiharibu mfumo, unarudi ulipokuwa kwa mibofyo michache. Hiki ndicho kinachonifanya niipende njia hii kuliko zote: utathubutu kujaribu amri yoyote ile. Ila snapshot inakaa kwenye diski ile ile, na diski ikifa vinakufa vyote. Nakili kazi zako kwenye flashi kila wiki. Umeme wa kwenu nao naujua, na kompyuta ya mezani haina betri. Ukimaliza, funga kwa kuhifadhi hali ya mashine, usiiache ikiendelea wakati unakwenda kula.

Faili la kusakinishia Ubuntu lina zaidi ya GB 5, usimalize bando lako. Nimeshalipakua na kulihakiki, liko kwenye flashi pamoja na VirtualBox yenyewe. Natuma kwa basi la Ijumaa asubuhi. Nitakutumia namba ya kondakta ukalipokee stendi jioni. Flashi baki nayo, ndiyo ya kunakilia kazi zako. Na mwambie mama risiti zake ziko salama, asiwe na wasiwasi.

Wako akupendaye,
Mwanaidi