Barua ya wazi kwa wifi yangu wa Iringa kuhusu shanga za sikukuu

Wifi yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka Mbeya, nikitumaini kwamba wewe, kaka na watoto hamjambo. Picha ulizonitumia za vidani, bangili na hereni za shanga nimezitazama zote kwa makini, pamoja na swali lako kuhusu zipi kati ya hizo mnaweza kuzitunga na watoto katika likizo hii ya Desemba, ili Krismasi iwakute mkiwa na zawadi za mikono yenu wenyewe. Nimeona nikujibu hadharani kwa sababu ndugu na majirani wengine wameniuliza jambo hilohilo, na jibu langu kwao wote ni moja: ziwekeni picha pembeni kwanza, amueni kila kitu kitavaliwa na nani, kisha ndipo mchague rangi, ukubwa wa shanga na aina ya uzi.

Nasema hivyo kwa sababu picha haimjui mvaaji. Bibi yenu wa Mufindi, ambaye bado anachuma chai, hawezi kufanya kazi akiwa na bangili pana yenye vishada vinavyoning'inia, kwa kuwa itanasa kwenye matawi na kukatika siku ya kwanza. Yeye mtungieni kidani kifupi cha kwenda nacho kanisani. Dada yetu muuguzi hatakiwi kuvaa kitu chochote mkononi anapohudumia wagonjwa, hivyo hereni ndogo au kamba ya kuning'iniza kitambulisho chake shingoni, iliyotungwa shanga, itamfaa kuliko bangili tano. Mwanafunzi ambaye shule yake hairuhusu mapambo atafurahia kishikio cha funguo au alama ya kuweka katikati ya kurasa za kitabu. Mkishayapanga majina hayo kwenye karatasi, mtashangaa jinsi orodha ya vitu vya kutengeneza inavyojipanga yenyewe.

Nawe, wifi, unaishi katika mkoa ambao kazi hii ina historia ndefu kupita kiasi. Katika pango la Magubike, hukohuko Iringa, watafiti wamechimbua shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni, na baadhi yake zina umri wa makumi ya maelfu ya miaka. Aliyezitengeneza alivunja ganda vipande vidogo, akatoboa kila kipande, kisha akasugua kingo zake hadi zikawa mviringo. Mwaka 2021 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa Jennifer Miller na Yiming Wang, waliopima zaidi ya shanga 1,500 za aina hiyo kutoka maeneo 31 ya Afrika Mashariki na Kusini mwa Afrika, wakabaini kwamba kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita watu wa pande hizo mbili, waliotenganishwa na maelfu ya kilomita, walikuwa wakitengeneza shanga zinazofanana karibu kabisa. Waambie watoto habari hiyo kabla hawajashika sindano. Mtoto anayejua kwamba katika ardhi ya mkoa wake kuna shanga za kale namna hiyo hataiona kazi hii kuwa mchezo wa kupotezea muda.

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilibeba shanga za kioo kama fedha, na wafanyabiashara walilazimika kujua mapema ni rangi gani inayopendwa wapi, kwa maana ushanga mwekundu wa samisami uliogombewa katika nchi moja ungeweza kukataliwa kabisa katika nchi ya jirani, na msafara ukabaki na mizigo isiyonunua hata chakula. Tangu zamani hizo mvaaji ndiye aliyeamua, na ningependa tuendelee kumpa heshima hiyo.

Sasa nije kwenye shanga zenyewe. Zile ndogo za kioo, ambazo kwa muda mrefu zimetengenezwa katika mji wa Jablonec nad Nisou huko Jamhuri ya Cheki, na ambazo Wajapani nao huzitengeneza kwa usawa wa ajabu, hupimwa kwa namba. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo ushanga unavyokuwa mdogo: namba 11 ina upana wa takriban milimita 2, namba 8 takriban milimita 3 na namba 6 takriban milimita 4. Kwa mikono ya watoto nunueni namba 6 au 8, na zile namba 11 mbaki nazo wewe na binti mkubwa. Hapa Mbeya mimi huzitafuta katika soko la Mwanjelwa, ambako huuzwa kwa mitungo na kwa vipakiti, na naamini katika soko kuu la Iringa hamtakosa. Kabla ya kulipa, mwage chache kiganjani uangalie kama matundu yamefunguka vizuri na kama kingo si kali, kwa kuwa ushanga wenye ukingo mkali hukata uzi polepole bila mtu kuona. Vilevile sugua mbili tatu kwa kitambaa cheupe kilicholowa maji ya kuondolea rangi ya kucha. Rangi ikitoka, shanga hizo zilipakwa juujuu tu, na jasho litazichubua. Rangi uliyoipenda inunue ya kutosha kazi nzima kwa mara moja, kwani ukirudi wiki ijayo unaweza kuikuta imekolea zaidi au imepauka.

Jambo ambalo ningekuomba ulipe uzito kuliko yote ni uzi, maana vidani vingi vinavyoishia kwenye droo havikuharibika shanga, vilikatika uzi. Uzi wa pamba wa kushonea nguo ni laini na unapatikana kila duka, lakini hunyonya jasho, huoza na kukatika. Mshipi wa kuvulia samaki ni imara na hauhitaji hata sindano, jambo linalowasaidia watoto, ila hukakamaa na kushikilia umbo la kibunda ulichotoka, kwa hiyo uutumie kwenye bangili na mapambo ya kutundika, usiutumie kwenye kidani kinachotakiwa kulala vizuri kifuani. Kwa kidani, uzi wa nailoni uliosokotwa ndio ninaouamini. Uupitishe juu ya kipande cha nta ya nyuki mara kadhaa, kisha uuvute katikati ya vidole ili nta ipate joto na kuingia ndani. Uzi wa namna hiyo hautawanyiki nyuzi, haujifungi mafundo njiani, na hukaa pale unapouvuta. Nta hiyo hainunuliwi mbali, kwani nyanda zetu zina wafugaji nyuki wengi, na donge dogo hudumu miaka.

Uzi wa lastiki nao una mahali pake, hasa kwenye bangili za watoto zinazovuliwa na kuvaliwa mara kwa mara. Kabla ya kutunga, uvute taratibu mara kadhaa ili ulegee, la sivyo utalegea ukiwa tayari mkononi na kuacha mapengo kati ya shanga. Unapofunga fundo, zungusha ncha mara mbili katika hatua ya kwanza badala ya mara moja, kaza, kisha funga hatua ya pili, uweke tone dogo la gundi, usubiri likauke kabisa, halafu ulivute fundo lijifiche ndani ya tundu la ushanga mkubwa. Usikate ncha kwa karibu kabla gundi haijakauka, hata kama watoto wanakuharakisha.

Vipimo ni kazi nyepesi. Pima kifundo cha mkono kwa kamba, ongeza sentimita 1 au 2 ili bangili ipumue, na ukumbuke kwamba sentimita 1 ya mstari wa shanga namba 11 hubeba shanga 7 hivi, maana yake bangili ya sentimita 16 yenye mstari mmoja itakula takriban shanga 112. Ukiwa na mistari mitano, zidisha kwa tano, ndipo utajua ununue kiasi gani.

Kwa mapambo ya nyumba, ninyi mlio karibu na misitu ya mipaini ya Sao Hill mna neema ambayo watu wa mijini wanainunua kwa fedha. Waombeni jamaa wa Mufindi wawaokotee yale makoni makavu yanayodondoka chini ya miti. Koni la paini hufunga magamba yake likiwa na unyevu na kuyafungua likikauka, na kwa kuwa Desemba ni msimu wa mvua, mtayapokea yakiwa yamejifunga. Yawekeni mahali pakavu penye joto la kiasi hadi yafunguke, kisha mzungushie waya mwembamba uliotungwa shanga nyekundu, nyeupe na za dhahabu katikati ya magamba. Nyota nayo ni rahisi: kata vipande vitatu vya waya, kila kimoja sentimita 12, visokote pamoja katikati ili upate miale sita, tunga shanga kubwa karibu na kitovu na ndogo kuelekea nchani, halafu kunja kila ncha kwa koleo ndogo. Mtoto wa darasa la tatu anaimaliza mwenyewe, na ukiweka nyota kumi dirishani jirani atakuja kuuliza.

Wadogo zaidi wape kazi ya shanga za karatasi. Kurasa za majarida na za kalenda nyembamba ya mwaka unaoisha zinafaa sana: mkate pembetatu ndefu, kitako sentimita 2 na urefu sentimita 25, mviringishe kuanzia kitako juu ya kijiti cha mshikaki kilichosuguliwa mshumaa ili karatasi isigande, mpake gundi kuanzia nusu ya urefu hadi nchani, kisha mchomoe kijiti. Baada ya hapo hupakwa vanishi mara mbili, na kwa unyevu wa msimu huu kila mpako upewe usiku mzima. Hapa naomba unisikilize kama mkubwa wako: baridi ya huko kwenu huwafanya watu waingize jiko la mkaa ndani, na vanishi hushika moto kwa urahisi, hivyo msikaushe kazi hiyo karibu na jiko wala msiipake katika chumba kilichofungwa madirisha. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asikae kwenye mkeka wa shanga kabisa, kwa sababu atazimeza. Na zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, macho ya tipitipi, ambazo watoto huziokota kwa uzuri wake, msizitoboe na msizitunge, kwani ndani yake mna sumu kali inayoweza kuua, na ganda likishatobolewa sumu hiyo haina kizuizi tena.

Umeniuliza pia kama ni vema kuiga zile kola pana za Kimasai. Kwa maoni yangu, aliyezikulia ndiye anayezijua. Rangi na mpangilio wake hueleza umri na hali ya mvaaji, na akina mama wa Kimasai wanaouza kazi zao mjini wanategemea mikono hiyo kulisha familia. Ukiitaka, inunue kwao kwa bei waliyoitaja. Kwa kazi yenu wenyewe angalieni yaliyo ya kwenu, kama vikapu vya Iringa vinavyosukwa kwa nyasi za milulu, ambavyo mistari yake ya rangi inaweza kuwapa mpangilio mzuri wa bangili, na ambavyo ukingo wake ukishonewa mstari mmoja wa shanga huwa zawadi ya kutosha kwa mama mkwe yeyote. Mkipata asubuhi moja, wapeleke watoto Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ambako watu wenye ulemavu hutengeneza mapambo, nguo, na hata karatasi inayotokana na kinyesi cha tembo. Kuona fundi akitunga kwa utulivu kutawafunza zaidi ya barua yangu.

Kuhusu kuuza zitakazobaki, sina mengi. Jumlisha gharama ya shanga, uzi na vishikizo, ongeza malipo ya saa zako kama ambavyo ungemlipa fundi mwingine, na usishushe bei kwa kuona haya mbele ya ndugu.

Sasa tugawane kazi. Kidani cha mama nitakitunga mimi, shanga namba 11 za bluu ya kukolea na nyeupe, kwa kuwa vitenge vyake vya kanisani navijua vyote. Ninyi chukueni bibi wa Mufindi, muuguzi wetu na wanafunzi. Nipimie vifundo vya mikono ya watoto wote wanne pamoja na shingo yako, unitumie vipimo kwa ujumbe kabla ya Jumamosi, nami nitanunua nailoni na nta ya kututosha sote na kuwatumia kifurushi kwa basi la asubuhi. Binti mkubwa mwambie shangazi anataka kuona orodha ya majina kwanza, ndipo atume kifurushi.

Wako akupendaye,
Wifi yako wa Mbeya