Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Arusha: Uwanja Tunajengewa, Timu Je?

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam. Nina ombi moja: Jiji letu liwe na timu yake ya mpira, na mchakato uanze kabla ya AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika.

Kule Olmoti tunajengewa uwanja wa watu 30,000 kwa ajili ya mashindano hayo, tunayoandaa pamoja na Kenya na Uganda. Tunashukuru kwa dhati. Ila AFCON ni ya wiki chache tu. Wageni wakishaondoka, Jumamosi ya kawaida ya Ligi Kuu nani atacheza pale na kusema yuko nyumbani?

Nauliza kwa sababu ya yaliyoupata uwanja wetu wa zamani, Sheikh Amri Abeid. Umebeba jina zito, la mshairi aliyekuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria, akafariki 1964 akiwa bado kijana. AFC Arusha waliwahi kuufanya uchemke. Wakaja JKT Oljoro, wakapanda Ligi Kuu 2011, wakashuka 2014. Tangu hapo tumebaki kuwa wenyeji wa timu za watu. Hata Coastal Union ya Tanga, uwanja wao wa Mkwakwani ulipokuwa haupatikani, walihamishia kwetu mechi zao za nyumbani.

Tarehe 2 Julai 2022 ilichezwa pale fainali ya Kombe la Shirikisho, Yanga na Coastal. Ile ilikuwa mechi! Sopu wa Coastal alifunga mabao matatu peke yake, dakika 120 zikaisha 3-3, Yanga wakachukua kombe kwa penalti 4-1. Mji ulisimama. Wauza jezi walitandaza bidhaa zao nje ya uzio, kijani na njano kila upande, nyekundu na nyeupe za Coastal zikichungulia katikati. Jezi ya Arusha haikuwepo, hata moja. Mtoto wa Ngarenaro au Unga Limited aliyekuja na baba yake siku ile angenunua ipi?

Ndugu Mkurugenzi, wenzetu hawakusubiri mfadhili. Halmashauri ya Jiji la Mbeya iliipandisha Mbeya City mwaka 2013, na msimu wake wa kwanza tu ikamaliza ya tatu, msimu ule ule Oljoro walioshuka. Dodoma Jiji walipanda 2020. Mwanza wameirudisha timu yao ya Pamba, maarufu kama TP Lindanda, Ligi Kuu mwaka 2024 baada ya zaidi ya miaka 20 nje. Arusha, yenye mapato ya utalii na wafanyabiashara wake, inashindwa nini? Najua madiwani watauliza kuhusu barabara na zahanati, na wana haki. Basi bajeti ya timu iwekwe wazi, wananchi tuuziwe kadi za uanachama, na wafanyabiashara waombwe wachangie.

Naomba hoja hii ipelekwe kwenye Baraza la Madiwani. Naomba pia mkae na CCM, wamiliki wa Sheikh Amri Abeid, timu ipate pa kuanzia kwa masharti inayoyamudu, na vijana wanaocheza ligi za mitaani wafanyiwe majaribio kwanza kabla ya kusajili wachezaji kutoka Dar. Tarehe ya kikao ikitangazwa, tutakuja kusikiliza.

Wako katika ujenzi wa Jiji,
Mkazi wa Arusha