Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi: sura ya mtu aliyekaa stendi ni ya nani?

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Salamu kutoka Dodoma, na kama umenizidi umri basi shikamoo. Mi ni mpiga picha wa mtaani, wale wa Nyerere Square, mahafali, kipaimara na harusi, siyo mtu wa sheria, kwahiyo nikikosea kifungu nivumilie ila naomba usiniruke kwa sababu ya kifungu. Nimeamua kuandika wazi maana jambo lenyewe, hili la kuwarekodi watu na kuwaposti mtandaoni bila kuwaomba, linafanyika wazi, kila siku kila kona, na wengi wanaofanyiwa hawana hata simu ya kusomea hii barua.

Nianze na kazi yangu kwa sababu ndo inayonifanya nione hili jambo tofauti kidogo na wengine. Enzi za filamu tulikuwa na utaratibu ambao haukuandikwa popote. Filamu ina picha 36, kila ukibonyeza hela imetoka, kwahiyo huwezi kumpiga mtu hovyo, unamfata unamsalimia unamwonyesha albamu ya kazi zako, mnapatana bei, anakupa nusu, anajinyoosha shati, anavua kofia kama hataki kofia, anakaa anavyotaka yeye kuonekana ndo unampiga, na picha ikishasafishwa anakuja anaikagua anamalizia nusu iliyobaki. Akijikuta kafumba macho hiyo hailipii na huna la kumfanya. Yani mwenye sura ndo alikuwa bosi. Na sisemi sisi tulikuwa na adabu kuliko hawa vijana, hapana, njaa tulikuwa nayo kama wao, ila hela ilikuwa inatoka mfukoni kwa anayepigwa, kwahiyo utake usitake utamheshimu.

Sasa hivi hela inatoka kwingine kabisa. Anayelipa ni anayeangalia, au niseme ni lile duka lenye tangazo linalomlipa kijana kwa sababu watu wanaangalia, pamoja na zawadi za kwenye laivu, na yule aliyepigwa hayumo kwenye hesabu. Haombwi, haonyeshwi, hapatiwi hata mia, na akijiona kachekesha nchi nzima hana pa kusema hii siitaki. Ndugu Mkurugenzi, mimi naona hapa ndo shina la tatizo lote, maana watu wanahubiri maadili maadili, vijana wameharibika, mara sijui wazazi hawalei, wakati kilichobadilika ni nani anamlipa mpiga picha. Ukiliona hivyo utaona pia kwanini kuhubiri peke yake hakutatoa kitu.

Twende sokoni. Mama kapanga mafungu yake ya nyanya Majengo, jua la saa nane limempiga, kasinzia mdomo wazi. Kijana anapita anajifanya anachati kumbe anarekodi. Jioni mama yuko TikTok, kawekewa muziki na vile vikatuni vya kucheka, na chini watu wanaandika wanavyotaka. Mtu atakwambia si alikuwa hadharani? Kweli, alikuwa hadharani, kaonwa na wauza vitunguu wenzake na wateja waliopita, watu ambao na wao walishasinzia na kesho wamesahau. Hakukaa pale akakubali kuonwa na mkwe wake wa Singida, na shemeji, na watoto wa darasani kwa mwanae, tena mwaka huu na mwaka kesho, maana klipu haisahau, ikishaingia kwenye magrupu ndo imetoka hiyo, hata aliyeiposti akiifuta bado inazunguka.

Na kuna mengine siyo ya kucheka kabisa. Namfahamu dada aliyekimbia kipigo cha mume wake, akaja huku akaanza kuuza chai karibu na stendi, kimya kimya, hata jina anatumia la utoto. Akaja mtu wa mahojiano ya mtaani, wale wanaokuchomekea maiki mdomoni wanakuuliza vimaswali vya mapenzi, yeye wala hakujibu, aligeuza uso, lakini alishaonekana na kibanda kimeonekana na bango la nyuma linasomeka. Mume alifika ndani ya muda mfupi sana. Aliyerekodi hakuwa na ubaya wowote na yule dada, hamjui hata kwa jina, ndo maana nasema mtu anaweza akamwaga maisha ya mwenzie bila hata kuwa mbaya.

Halafu kuna hii ya msaada wa kamera, hii inaniuma kama mtu wa Dodoma. Nchi hii Mgogo alishachorwa zamani kwamba ni ombaomba, ni njaa, utani tumeuzoea na watani zetu tunawavumilia. Ila sasa mvua ikikata tu vinaanza kuja vijigari kutoka mjini, vinaingia vijijini huko Bahi na Chamwino, kijana anashuka na kiroba cha unga kilo tano na simu tatu, bibi wa watu anatolewa nje, anaambiwa bibi hebu pokea tena hapo hatujaipata vizuri, bibi anapokea unga uleule mara mbili mara tatu, analia, analizwa, na kichwa cha habari "inasikitisha bibi huyu anakula majani". Mlenda ule jamani! Mlenda ni mboga yetu tunakula mwaka mzima na shibe tunayo. Sikatai kuna njaa, miaka mibaya ipo na anayeleta unga Mungu ambariki, ila unga ungefika hata simu ikiwa mfukoni. Na usiniambie bibi alikubali, akatae vipi na unga ameshikiwa na huyo huyo mwenye kamera.

Msalato siku ya mnada ndo usiseme. Wafugaji wa Kibarbaig na Wamasai wamekuja na ng'ombe wao, wana biashara zao, mtu anawazunguka na simu kama yuko mbugani. Mzee mmoja alimshika kijana mkono akamwambia futa, kijana akamjibu hii ni sehemu ya wazi mzee. Nilikuwa jirani na nyama yangu ya choma. Watu wakamcheka mzee.

Cha ajabu ni kwamba hatushindwi kuzuia picha tukiamua. Jaribu kusimama mbele ya geti la ofisi nyeti uinue simu, utaitwa kabla hujabonyeza, kibao kipo na mlinzi yupo na utajieleza. Geti lina ulinzi, ukuta una ulinzi, mama aliyelala stendi na mtoto akisubiri basi la alfajiri hana. Ukiniuliza nani anaumia zaidi kupigwa picha, geti au yule mama, sidhani kama tutabishana.

Naijua sheria yenu ya ulinzi wa taarifa binafsi kiasi chake. Ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, Tume yenu ikazinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Na juu ya hiyo kuna Katiba ibara ya 16 inayompa kila mtu hifadhi ya nafsi yake na maisha yake binafsi, haikusema isipokuwa wauza nyanya. Lakini tukisikia Tume ikiongea tunasikia habari za taasisi, wakusanyaji na wachakataji, yani wanaokusanya taarifa za watu na wanaozifanyia kazi, wajisajili, benki, kampuni za simu, mikopo ya mtandaoni. Ni kazi nzuri, wale wa mikopo waliwatesa watu sana kwa kuwapigia ndugu zao. Ila mtu wa kawaida hajui kama kijana mwenye simu moja na wafuasi laki mbili anahesabika kuwa mkusanyaji au hahesabiki. Mimi mwenyewe mwenye memori kadi zimejaa sura za watu nahesabika wapi? Nauliza kweli, siyo kejeli.

Wenzetu Kenya walishaonyesha inawezekana. Septemba 2023 ofisi yao ya ulinzi wa data iliipiga faini shule moja milioni 4.55 za Kenya kwa kuposti picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na sehemu moja ya starehe Nairobi ikalimwa milioni 1.85 kwa kuposti picha ya mteja aliyekuja zake kula raha. Baada ya hapo unadhani mwenye baa anaposti tu? Ujerumani wao kuanzia 2021 kumpiga picha marehemu kwenye ajali kwa namna ya kumdhalilisha ni kosa la jinai. Na wanaouza simu yuzidi watakuambia zile nyingi zilizotoka Japani ukipiga picha lazima zilie hata ukizima sauti, wateja wanazilalamikia, kumbe kule makampuni yenyewe yalikubaliana hivyo kwa ajili ya watu waliokuwa wanapiga wanawake picha za siri kwenye treni. Haikuhitaji hata sheria ya bunge.

Hiyo ya ajali ngoja nikae nayo kidogo. Sisi msiba una taratibu zake za kuambiana. Mtu hapigiwi simu akaambiwa baba yako amekufa, anaambiwa njoo nyumbani mzee anaumwa, anafatwa na mtu mzima, anakalishwa, kuna mtu wa kumshika. Sasa gari linaanguka barabara ya Morogoro, kabla majeruhi hawajatolewa watu wameshawahi na simu, mtoto wa marehemu yuko zake hosteli UDOM anafungua statasi ya WhatsApp anakutana na shati alilomnunulia baba yake. Hapo hakuna mzee wa kumkalisha. Mimi katika yote niliyoandika, hili ndo ningekuwa na uwezo wa kulifuta moja tu ningelifuta hili. Mikono inayorekodi pale ingeweza kuwa inabeba mtu.

Lakini, na hapa naomba unielewe vizuri kuliko pote, sikuombi upige marufuku simu. Naogopa hata kulisema hili jambo kwa sababu najua sheria zetu zikishatungwa zinaangukia kwa nani. Ile ya makosa ya mtandao ya 2015 tuliambiwa ni ya matapeli, tukaona na watu wa kawaida wanafikishwa mahakamani kwa walichoandika. Kesho mgambo atamwaga ndoo za machinga, mtu akitoa simu ataambiwa unavunja faragha yangu. Trafiki atanyoosha mkono dirishani, ukirekodi unaambiwa taarifa binafsi. Hapana. Mwenye mamlaka akiwa kazini kwenye mamlaka yake, na nguvu anatumia, huyo arekodiwe, simu ndo shahidi pekee alionao mnyonge na mmiliki wa simu asiguswe. Ninayemtetea ni yule ambaye hana cheo pale alipo, yuko kwenye hangaika zake, na picha yake haimsaidii mtu yeyote zaidi ya aliyeipiga. Sidhani kama huo mstari ni mgumu kuuchora, wanasheria wenu wanauweza.

Wala sisemi kila picha ya mtaani iombewe fomu. Nikipiga mashabiki Uwanja wa Jamhuri, nikipiga ngoma ya Wagogo kwenye sherehe, abiria wanashuka stesheni ya SGR, huo ni umati, sura zimo ila hakuna niliyemchagua nikamweka sokoni. Mambo yanabadilika pale unapovuta zumu kwa mtu mmoja kwa sababu amelewa, amelala, analia, amevaa vibaya, au ni mlemavu.

Ninachoomba kinatekelezeka bila hata bunge kukaa. Toeni tamko la ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kueleweka, linasema ukimposti mtu usiyemjua kwa ajili ya kujipatia wafuasi au hela bila ridhaa yake nini kinakupata, na yeye adai vipi ifutwe, na kwamba anayemrekodi mwenye mamlaka akiwa kazini haguswi. Lisomwe kwenye redio za huku saa za asubuhi, libandikwe sokoni, stendi na vijiwe vya boda, kwa sababu PDF kwenye tovuti yule mama haifikii ng'o. Halafu wekeni njia ya kulalamika isiyohitaji imeili. Mtendaji wa kata yupo, ofisi ya mtaa ipo, wapeni daftari na namba ya kuwapigia nyie. Na mkishapata kesi moja iliyokamilika, itangazeni kama walivyofanya Kenya, bila kumtaja aliyedhalilishwa, maana kumtaja ni kumrudia.

Na sisi wapiga picha tuiteni. Tuko wengi hapa mjini, tunajua ujanja wote unaotumika kwa sababu na sisi tunashikilia kamera, na sitaki kuamini nitakuwa peke yangu ninayeona hivi. Mahafali ya vyuo yanakuja, mji utajaa simu, ingefaa hilo tamko liwe limetoka kabla.

Wako,
Mpiga picha wa mtaani, Dodoma